Husari Mmoja Anaondoka Bellevue

Furaha mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga farasi, nami nimebaki hapa saluni Bellevue, mlango nimeurudishia na kile kibao cha kusema tumefunga nimekigeuza. Leo Jumapili sisuki mtu. Kesho asubuhi utapanda basi pale Park Station uende Cape Town, kwenye lile shamba wanakofundisha farasi wa sinema. Nitakusindikiza nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri, na nitakuwa nimenyamaza, kama kawaida yangu ninapokuwa na mengi ya kusema. Ndiyo maana naandika.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Najua unakisikia vizuri halafu unanijibu kwa Kiingereza, na ukikasirika kwa Kizulu, na kukisoma unakisoma kwa kusitasita. Basi soma polepole. Safari ni ndefu, na ukikwama kwenye neno, pita, utaliokota mbele.

Mambo ya soksi, ya kula asubuhi na ya kutomwazima mtu simu nimekuambia tangu wiki iliyopita mpaka ukaziba masikio. Humu hayamo. Humu limo jambo moja tu. Alhamisi jioni tukiwa mezani uliweka kijiko chini ukasema, "Eish, Mama, maybe nibaki tu. Nitawaambia next year. Wewe utabaki na nani?" Nami sikujibu, nikakuongezea sombe kwenye sahani. Ukadhani nimenyamaza kwa sababu nitateseka, na tangu siku hiyo unatembea humu ndani kama mtu aliyevunja kikombe cha wageni.

Jibu langu ni hapana, usibaki. Lakini nakujua, "hapana" tupu haitakutosha, utataka sababu. Sababu zenyewe ni ndefu, na nyingi zinanichekesha mimi mwenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka siku ile Newtown, nilipokuwa nasuka watu chini ya hema kwenye maonyesho? Alikuja mzungu mrefu amevaa suruali ya kubana, buti za kufika magotini na makoti mawili. Moja alikuwa amelivaa, la pili limening'inia bega moja. Nilimwonea huruma. Nilidhani mkono umemshinda kuuingiza, nikainuka nikamshika bega nikamvalisha koti, nikamfunga vifungo vyote hadi shingoni. Alisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza, ndipo akanieleza kwamba koti lile haliingizwi mkono. Kazi yake ni kuning'inia. Yeye na wenzake, akasema, huigiza mahusari, wapanda farasi wepesi wa majeshi ya Ulaya ya zamani sana, na husari alivaa hivyo hivyo. Nilichosikia mimi ni kwamba koti zima linapotea bure.

Huyo ndiye Kapteni wetu, ambaye siku za kazi ni daktari wa meno. Alivua kofia akanionyesha panja zake, akataka msuko mmoja kila upande, kwa sababu mahusari walisukwa. Nywele zake zilikuwa fupi kama za mswaki. Nikamwambia, "Baba, bila meshi hapa hakuna kazi." Nikamwunganishia meshi nyeusi, zile nywele za bandia, akajitazama kwenye kioo, akafurahi kuliko bibi harusi. Wewe muda wote huo ulikuwa nje umemshikia farasi wake, una miaka kumi na minne, hujawahi kushika hata mbuzi. Nilipotoka nilikukuta umeegemeza paji la uso kwenye shingo ya yule mnyama. Nilijua pale pale kwamba nimekwisha.

Sasa nikutajie makosa yangu, maana unaondoka na mengine umeyarithi bila kujua.

La kwanza lilikuwa la mdomo. Sisi tuliokulia Bukavu na redio za Kinshasa, Kilingala kilituingia bila kupiga hodi, na farasi kwangu alikuwa mpunda. Basi nikasimama kwenye kikundi cha maombi cha akina mama nikatangaza kwa majivuno, "Mwana wangu sasa anapanda mpunda kila Jumamosi." Waliotoka kwetu wakapiga vigelegele. Watanzania na Warundi wakainamisha vichwa. Wiki iliyofuata wakaja nyumbani na unga, maharage na sabuni, wakakuwekea mikono kichwani na kuomba Mungu akuondolee kazi ya kuendesha mkokoteni wa punda wa kuokota vyuma chakavu. Wewe ukasema amina, hukuelewa hata nusu.

Mama Zuhura, anayetengeneza kucha kwenye meza ya pili humu saluni, aliposikia alicheka mpaka akampaka mteja rangi kwenye kidole kizima. "Wee Mama Furaha," akasema kwa ile lafudhi yake ya Tanga, "punda ni punda, farasi ni farasi. Umemuuza mtoto mji mzima." Unga tuliula. Kuurudisha kungekuwa kuwadharau waliouleta.

Ila kuna kitu sijakuambia. Sikuwasahihisha wale akina mama kwa muda mrefu sana. Niliona afadhali wakuonee huruma kuliko waniulize kwa nini binti wa Kikongo anaigiza vita vya Wazungu waliokufa zamani, maana swali hilo sikuwa na jibu lake. Ndugu zetu Bukavu nao niliwaambia unajifunza mambo ya ofisi. Leo jibu ninalo, na ni fupi: anapenda, na anaweza. Watu wakikuuliza huko, usilihangaikie kama mimi.

La pili ni la masharubu. Kapteni alisema husari bila masharubu si husari, na ninyi wasichana hamkuwa nayo, na baadhi ya wanaume yao yalikuwa ya kuombea dua. Nikachukua meshi fupi, nikazifunga kwenye wavu laini, nikatengeneza masharubu ya kila uso. Kazi ile niliipenda. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba masharubu ni ya mchana mmoja tu, nami nikayabandika kwa gundi ya kubandikia weaving, ambayo inashika mpaka mteja mwenyewe achoke. Jumatatu Kapteni akanipigia simu kwa sauti ya chini. Alikuwa ameng'oa watu meno tangu asubuhi na kitambaa mdomoni, na mgonjwa mmoja alikuwa amemwuliza kwa nini kitambaa kinachezacheza. Wewe nawe ulikwenda shule umejifunga skafu hadi puani, na mwalimu akadhani una mafua. Jioni niliwaweka nyote wawili kwenye viti vya kuoshea nywele nikayatoa kwa mafuta ya nazi, Mama Zuhura akiwa amekaa katikati anapiga picha.

Ninacheka hapa peke yangu nikiandika. Mtu akipita nje atadhani saluni ina pepo.

La tatu halikunichekesha wakati ule. Ni siku ulipoanguka. Ilikuwa kule shambani mnakofanyia mazoezi, njia ya Muldersdrift, watu wamejaa kwenye majukwaa ya nyasi kavu, mahusari wa bluu upande huu na wa kijani upande ule, panga juu. Ulikuwa juu ya Shangazi, yule farasi jike wa kijivu uliyempa jina hilo kwa sababu humtazama kila mtu kana kwamba amechelewa msibani. Alisimama ghafla, wewe ukaendelea. Sikumbuki nilivyoruka kamba. Nakumbuka tu niko katikati ya uwanja na aproni yangu ya saluni, vibanio vimenijaa kifuani, nakimbia kati ya majeshi mawili nikilia jina lako, na mahusari wote wakavuta hatamu. Watu wakapiga makofi. Walidhani nimo kwenye mchezo, mama wa kijiji anayemtafuta mwanawe. Wewe ulikuwa umekaa kwenye nyasi, masharubu yamehamia shavuni, unacheka.

"Mama, niko sharp. Toka, unaharibu vita."

"Vita gani!" nikakujibu mbele za watu wote. "Twende nyumbani. Leo njo mwisho."

Ikawa mwisho kweli. Nilikukataza, nawe ukatii. Kama ungegombana nami, kama ungepiga mlango, ningeshikilia. Lakini ulikaa humu saluni ukinisaidia kazi, huna neno, na siku moja nikakuta umemsuka mteja wangu msuko ule wa mkia wa farasi, kuanzia utosini hadi mgongoni, bila mwenyewe kujua. Alikwenda nao harusini na akasifiwa sana. Mimi niliuona nikajua mikono yako iko wapi. Jumamosi iliyofuata nilikurudisha mwenyewe, na njiani tulizungumza habari za hali ya hewa tu, kwa sababu nilikuwa naona aibu kusema nimekosea. Basi nasema sasa: nilikosea. Nilikuwa naogopa, nikaiita hofu yangu malezi.

Siku hiyo hiyo ulipokuwa unamtandika Shangazi, Kapteni aliniketisha juu ya robota la majani akanieleza kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. Alisema jeshi la zamani lilikuwa na wapanda farasi wa namna mbili. Wazito kazi yao ilikuwa kuvunja: farasi wakubwa, chuma kifuani, wanakwenda moja kwa moja. Mahusari wao hawakutumwa kuvunja. Walitumwa mbele wakaone adui yuko wapi, mto unavukika upande gani, majani ya farasi yako wapi, kisha warudi waseme. Husari aliyekwenda asirudi, alisema Kapteni, hata kama alipigana kama simba, kwa jenerali alikuwa hasara, kwa sababu alichokiona kilipotea naye.

Kwenye teksi ya kurudi mjini nikaanza kulia, wewe ukadhani vumbi limeniingia jichoni. Acha nikuambie lilikuwa vumbi gani.

Nilipotoka Bukavu, nyanya yako alinishika mkono akasema, "Ukifika, tuma habari." Basi. Nilifika Hillbrow, tukalala wengi kwenye chumba kimoja ghorofani, nikasuka watu pembeni ya barabara kwa niaba ya mama mmoja aliyekuwa akinikaripia mbele ya wateja. Na sikutuma habari, kwa sababu nilidhani habari maana yake ni habari njema. Nikajiambia, nikipata kiti changu mwenyewe, nitapiga. Nikipata chumba, nitapiga. Kumwacha yule mama na kutafuta pengine nako sikuthubutu, nilidhani kugeuka ni kushindwa, kwa hiyo nikakaa pale pabaya kwa ukaidi tu. Nyanya yako wakati huo alikuwa anakwenda kila Jumapili kwa jirani mwenye simu, anakaa kibarazani, anarudi. Nilipopiga hatimaye, nikiwa na kiti, nikiwa na baba yako na wewe tumboni, nilianza kumhesabia mafanikio yangu. Alinisikiliza yote. Kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, "Hata ungesema 'minalia', ningejua uko."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo wewe, ukifika huko, ukakuta wanakudharau, au farasi wanauma, au umekosea na kuvunja kitu cha watu, usingoje mambo yatengenee ndipo unipigie. Nitumie likiwa bichi. Habari mbaya nayo ni habari. Na mahali pakiwa pabaya, geuza farasi. Huko kugeuza si aibu, kwa mahusari wako ni ufundi, nimekuona ukiufanyia mazoezi mpaka jasho likakutoka. Rudi useme ulichoona. Kitanda chako nitampangisha mtu, hilo usijidanganye, ila nitamwambia mapema kwamba siku ukitokea mlangoni, yeye analala kwenye godoro.

Sasa nije kwenye swali lako. Utabaki na nani.

Nimejiuliza umelitoa wapi, na nimeona nililipanda mwenyewe. Tangu baba yako atutoke, neno lililonitoka mdomoni mara nyingi kuliko amina ni "nina mtoto." Kwaya walipokwenda Durban wakanibakizia nafasi, nikasema siwezi, nina mtoto. Mchungaji akaniomba niongoze akina mama: nina mtoto. Mama Zuhura akanialika kwa shemeji zake sikukuu ya Idi: nina mtoto, na wewe ulikuwa umekwisha kunipita urefu. Yule mgane wa Kirundi anayelinda supamaketi, mtu mstaarabu, akaniletea keki, amevaa shati lililonyooshwa mikunjo, nikamwambia nina mtoto, tukaila keki wewe na mimi. Nilikutumia kama mwavuli hata siku zisizo na mvua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kwenda mahali nisipojua nitafanya nini na mikono yangu. Wewe ukakua ukisikia hivyo, na leo unaamini kwamba ukiondoka nitanyeshewa.

Hilo nisamehe. Si mzigo wako, hujawahi kuwa mzigo wako, na sitaki uusafirishe mpaka Cape Town.

Lakini pia sikutaka nikuage kwa maneno matupu. Mama yeyote anaweza kusema "nenda, mimi nitakuwa sawa," na mtoto yeyote mwenye akili anajua ni uongo. Nikataka niwe na kitu mkononi.

Saluni hufungwa Jumatatu. Tangu wale watu wa Cape Town wakukubali, kila Jumatatu nimekuaga kwamba naenda mjini kununua meshi. Hujajiuliza kwa nini rafu ya meshi iko tupu? Nilikuwa napanda teksi mpaka njia panda, halafu natembea kwa miguu hadi kule shambani kwa Tannie Elna, yule mama mwenye farasi. Mara ya kwanza nilishindwa kupanda. Mara ya pili waliniletea kreti la bia nikakanyagia, nikapanda kwa upande huu nikateremkia upande wa pili bila kupumzika katikati. Shangazi aligeuza shingo akanitazama, unajua anavyotazama. Na ule mgongo uliokuwa ukiniuma, wewe ukanikuta nashuka ngazi kinyumenyume, ukanipaka dawa, mwanangu, ule haukuwa mgongo. Yalikuwa mapaja.

Alhamisi uliponiuliza nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa bado halijaiva. Tannie Elna alikuwa bado ananishikia kamba, nazunguka kama mtoto aliyepandishwa farasi wa sherehe. Ningekuambiaje nina kitu cha kufanya, na kitu chenyewe nimeshikiwa? Jana ulipokwenda kuwaaga rafiki zako nikamwachia Mama Zuhura funguo, nikaenda. Tannie Elna akaizungusha ile kamba mkononi, akaifungua, akarudi nyuma. "Ja, Mama," akasema, "nenda sasa."

Nikaenda. Kwa mwendo wa kutembea tu, usije ukawaambia watu nilikimbia. Nilizunguka uwanja wote peke yangu, nikaogopa nusu yake, nusu ya pili nikaimba pambio kwa sauti, na Shangazi akavumilia. Kutoka juu kule niliona barabara, na nyumba, na mabati yanang'aa mbali, na nikakumbuka kwamba sijawahi kuutazama mji huu bila kuwa na haraka. Nilifurahi, Furaha. Nilifurahi kwa ajili yangu mwenyewe, wewe hukuwepo, na haikuwa dhambi.

Kapteni ameniweka kwenye mstari wa nyuma wa mahusari. Watu wote kule wanajua na wameapa kufunga midomo, kwa hiyo kama leo umemwona Tannie Elna anachekacheka bila sababu ulipokuwa unamkumbatia farasi, sasa umejua.

Nasikia geti linagonga, nadhani ni wewe. Nafunga hapa, kesho nitakupa bahasha hii mlangoni pa basi, uisome ukiwa umekwisha kutoka mjini, usije ukashuka.

Nenda, mwanangu. Nenda na moyo mweupe, cheka sana, penda unachokipenda mbele za watu. Nipigie siku yoyote, na kama ni kilio, nipigie usiku na mchana.

Ila Jumamosi alasiri usinipigie. Nitakuwa juu ya farasi.

Mama